Mwili Unaosubiri na Vazi Lililovuliwa

Mabibi na mabwana, wanafunzi wangu wapendwa,

Nimeombwa nizungumzie yale ambayo dini mbalimbali huamini kuhusu hali ya mtu akishafariki. Ningeweza kuanza na vitabu vitakatifu, lakini nitaanzia makaburini, kwa sababu imani ya watu kuhusu mauti huonekana mikononi mwa wanaozika kabla haijasikika vinywani mwao.

Yeyote aliyewahi kushuka kaburini kumpokea marehemu wa Kiislamu katika mwambao wetu anaujua utaratibu wake. Marehemu, akiwa amekwisha kuoshwa, kukafiniwa na kuswaliwa, hulazwa kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, yaani shimo dogo lililochimbwa ndani ya kaburi, uso ukielekea kibla. Vifundo vya sanda hufunguliwa, kisha hupangwa viunza, yaani mbao za kufunikia, ili udongo usimwangukie mwilini. Siku tulipomzika babu yangu mzaa mama niliwekwa miongoni mwa waliopanga viunza hivyo, na sijasahau jinsi mzee mmoja aliyesimama juu ya kaburi alivyotusisitizia, kwa sauti ya chini, tusiache upenyo hata wa kidole, kama anayefunga dirisha la chumba alimolala mgonjwa.

Uangalifu ule una sababu. Muislamu huamini kwamba aliyezikwa husikia vishindo vya nyayo za wenzake wanapoondoka, na kwamba malaika Munkar na Nakir humjia kumuuliza ni nani Mola wake, ipi dini yake na nani Mtume wake. Kutoka hapo hubaki katika barzakh, yaani hali iliyo kati ya kifo na ufufuo, hadi Siku ya Kiyama. Hadithi zasema kuwa mwili wote huoza isipokuwa mfupa wa kitokono, ambao kwa huo mwanadamu ataumbwa upya. Kwa hiyo mwili haukutupwa. Umewekwa amana ardhini.

Wakristo nao huzika wakiutazamia ufufuo. Kinachowatofautisha wao kwa wao ni kipindi cha katikati. Mkatoliki huwaombea marehemu walioko toharani, yaani wanaotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, hasa tarehe 2 Novemba. Mlutheri haikubali toharani. Msabato huamini kwamba aliyekufa amelala na hajui neno lolote, kama isemavyo Mhubiri 9:5, mpaka Kristo atakaporudi. Tofauti hizi si ndogo hata kidogo, kwani mama aliyefiwa na mwanawe akiuliza, "Yuko wapi sasa hivi?", watatu hawa watampa majibu matatu.

Kwa Wahindu mambo hugeuka. Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, hufananisha kufa na mtu anayevua nguo zilizochakaa akavaa mpya: roho, yaani atman, haifi, bali huingia katika mwili mwingine kwa kadiri ya karma yake, yaani matendo yake na matokeo yake, mpaka ipate moksha, yaani ukombozi, na kuepukana na mzunguko huo. Vazi lililokwisha kuvuliwa halina sababu ya kuhifadhiwa. Mwili hutiwa moto, kwa desturi na mwana wa kiume aliye mkubwa, na majivu hutiwa kwenye maji yanayotiririka. Hata Jinja, Uganda, kwenye chanzo cha Nile, palitiwa sehemu ya majivu ya Mohandas Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, aliyeuawa mwaka 1948. Wabudha huenda mbali zaidi, kwani kwao hakuna hata nafsi ya kudumu inayohama: maisha hufuatana kama mwali wa taa unaowasha taa nyingine.

Hata hivyo, tusidhani kwamba moto na udongo vinatosha kutuonyesha mpaka wa imani. Kanisa Katoliki liliruhusu waumini wachomwe mwaka 1963, mradi nia isiwe kuukana ufufuo, na mwaka 2016 Vatikani ikaagiza majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Agizo hilo lanigusa sana, maana linayataka majivu yasubiri kama mwili ulivyosubiri.

Na sisi wenyewe tulikuwa na neno kabla dini hizi hazijafika. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza mwaka 1969 kwamba kwa jamii nyingi za Kiafrika marehemu hubaki karibu, miongoni mwa wafu walio hai, maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika kile ambacho Mbiti alikiita, kwa Kiswahili, Zamani. Kwa imani hiyo, mahali pa kuzikiwa ni jambo zito. Mwanasheria wa Kenya, S. M. Otieno, alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka amzike karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager wa Waluo, ukataka alazwe katika ardhi ya baba zake, na mashahidi wake wakaiambia mahakama kwamba asipozikwa nyumbani roho yake ingewasumbua walio hai. Marehemu huyo alikuwa msomi aliyeishi mjini na kufunga ndoa ya serikali, na mjane wake aliyasema hayo yote mahakamani. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa huku taifa zima likibishana, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo ushindi, na Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mjane wake hakwenda mazikoni.