Umbo la Ukurasa wa Breli: Mhadhara kwa Wanukuzi na Walimu, Kisumu

Walimu na wanukuzi wenzangu, hamjambo. Breli yenyewe, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, mnaijua, sitawarudisha huko. Shida tunayoishughulikia leo ni karatasi ya mtihani iliyopendeza kwenye skrini kisha ikatoka kwa printa ikiwa vurugu. Mara nyingi tafsiri haina kosa lolote. Kilichoharibika ni mpangilio.

Tuanze na karatasi. Seli moja ya breli, yaani nafasi ya alama moja ya nukta, huchukua takriban milimita 6 za upana, na mstari mmoja milimita 10 hivi. Karatasi ya inchi 11.5 kwa 11 hubeba seli 40 na mistari 25, pambizo ikabaki. A4 ina upana wa milimita 210. Gawanya kwa 6 upate 35, na hapo hujaacha nafasi ya kubana karatasi kwenye faili. Kwa A4 weka seli 30 hadi 32, usiwe na tamaa.

Vipimo hivyo vimewekwa mahali pawili: ndani ya programu inayogeuza maandishi kuwa breli na ndani ya printa inayochapa nukta. Programu ikikata mstari kwenye seli ya 40 na printa ikakubali 38 tu, seli mbili za mwisho huangukia mstari wa pili zikakaa peke yake. Kidole hupita mstari mrefu, kikakuta herufi mbili, kisha mrefu tena. Mistari nayo ni vivyo hivyo: kurasa za mistari 25 kwenye printa ya 24 hutema mstari mmoja juu ya karatasi mpya, na karatasi hiyo hutoka karibu tupu. Kwa bei ya karatasi za breli, hiyo ni hasara ya bure. Katika Duxbury, mojawapo ya programu hizo, hakikisha vipimo kwenye menyu ya Document, sehemu ya Embosser Setup, kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa mitindo (styles), na hapa ndipo kazi ilipo. Mwalimu anayeandika kwa Word hukuza herufi, akazikoleza, akabonyeza nafasi mara kumi ili kichwa kikae katikati. Programu ya breli haioni kichwa hapo. Inaona aya iliyokolezwa, na matokeo yake ni alama za mkolezo zilizotangulia maneno. Ukitumia Heading 1 ya Word, Duxbury inaitambua na kuipa mtindo wake. Bonyeza Alt+F3 uone misimbo: kichwa chako kitakuwa kati ya [[*es~h1*]] na [[*ee~h1*]]. Kama misimbo hiyo haipo, usipoteze wakati kusogeza maneno. Rudi kwenye Word.

Kwa kanuni za Amerika Kaskazini, kichwa kikuu hukaa katikati, mstari mtupu juu na chini, na angalau seli tatu tupu kila upande. Cha pili huanzia seli ya 5, cha tatu seli ya 7, vyote na mstari mtupu juu tu. Aya huanzia seli ya 3, mistari inayofuata ikirudi seli ya 1. Msomaji asiyeona hana ukubwa wa herufi wa kumwongoza. Kujongea huko ndiko kunakomwambia yuko wapi. Kichwa pia kisiachwe peke yake mwisho wa ukurasa: washa, ndani ya mtindo wenyewe, amri ya kukishikanisha na mstari unaofuata.

Tuchukue swali la kuchagua jibu. Nambari ya swali huanzia seli ya 1, majibu A hadi D seli ya 3, na mstari wowote unaoendelea, wa swali au wa jibu, huanzia seli ya 5. Tengeneza mitindo miwili kwa kazi hiyo, uhifadhi kama kiolezo. Ukiibadilisha ndani ya faili moja tu, mtihani wa kesho utaanza upya.

Mapengo ya kujaza yana mtego wake. Katika UEB, mfumo wa pamoja wa breli ya Kiingereza, alama moja ya mstari wa chini (_) huchukua seli mbili. Mwalimu akipiga ishirini, umepata mstari mzima wa seli 40 usio na maana yoyote. Punguza kila pengo libaki mstari wa chini mmoja, kwa kutafuta na kubadilisha, kabla ya kutafsiri.

Kisha lugha. Jedwali la kutafsiri la Kiingereza chenye vifupisho, yaani alama moja badala ya herufi kadhaa, likiachwa kwenye mtihani wa Kiswahili, "andika" itaanza na kifupisho cha "and", na "thelathini" na cha "the". Chagua jedwali la Kiswahili. Liblouis, programu huria ya kutafsiri breli, inalo la Kenya. Na mchunguze kibainishi cha ng': majina kama Ng'iya na Nyang'oma yakiandikwa kwa alama iliyopinda, programu nyingine huisoma kama mwisho wa nukuu.

Masahihisho yote yafanyike kwenye faili ya dxp ya Duxbury, yenye maandishi ya kawaida. Ukirekebisha dxb, ambayo tayari ni breli, kisha ukatafsiri upya, kazi yako imefutika. Na mkipeana kazi kati ya shule na shule, msitume BRF, faili ya breli iliyo tayari kuchapwa, peke yake: mistari yake imeshakatwa. Mwenzako wa A4 akipokea BRF ya seli 40, hana la kufanya ila kupiga simu kuomba dxp.