Mwenyekiti chini ya toroli

ATU: Kamwene wasikilizaji. Mnatusikia tena kutoka hapa Iringa mjini, na kaka Daudi leo kaja na karatasi.

DAUDI: Mambo matano, dada. Wanyama wanavyowinda pale Hifadhi ya Ruaha na wanaowindwa wanavyopona. Simba, duma, mbwa mwitu, nyati, halafu mwezi.

ATU: Mwezi nao unawinda?

DAUDI: Ndiyo namba tano hiyo, usiniwahishe. Ila kabla sijaanza, nyumbani wiki hii tumepigwa.

ATU: Usiniambie Mwenyekiti!

DAUDI: Mwenyekiti mzima wa afya. Tumepoteza vifaranga.

ATU: Afadhali. Maana kuna watu wanasikiliza kipindi hiki kwa ajili ya yule jogoo anayewika kila ukirekodia nyumbani. Sisi wawili hawana habari nasi.

DAUDI: Jumanne mchana, niko nyuma ya jiko nachambua maharage. Mtetea kawatoa watoto, wanaparua kwenye maganda. Mwewe alikuwa juu muda mrefu, anazunguka, ule mkia wake wenye pacha anaupindapinda hivi kama usukani. Nikamwona, nikampuuza. Mara akashuka. Atu, hakutua! Alinyoosha miguu tu, kakwapua kimoja, kapanda. Na anakula hukohuko hewani, anainamisha kichwa anadonoa alichokishika.

ATU: Mwewe ndivyo alivyo, mlo wake hauhitaji meza. Mama kuku je?

DAUDI: Kavimba, kafungua mbawa, waliokuwa karibu wakaingia chini. Wa mbali wakalala palepale, kimya, hata jicho hawachezeshi. Lakini kabla ya yote hayo Mwenyekiti alishatoa ishara. Ile sauti nyembamba, ndefu, si kuwika kule. Bila ile sauti tungepoteza wote.

ATU: Na Mwenyekiti mwenyewe alikuwa wapi?

DAUDI: Alikuwa eneo la tukio.

ATU: Daudi.

DAUDI: Chini ya toroli.

ATU: (anacheka) Chini ya toroli! Mkutano mzima uko juani, Mwenyekiti yuko chini ya toroli anatoa taarifa!

DAUDI: Cheka, lakini hili jambo limefanyiwa utafiti. Jogoo ana kelele za hatari za aina mbili. Akiona adui wa angani anatoa ile nyembamba inayovutika, na mwewe akiisikia anapata shida kujua imetoka wapi. Akiona wa chini, paka au nguchiro, anapiga ile ya kukatakata, kok-kok-kok-kokaa, mtaa mzima unajua. Kuku wakisikia ya kwanza wanajificha na kuchuchumaa. Wakisikia ya pili wanasimama wima, wanatafuta adui yuko upande gani. Kila kelele na maelekezo yake.

ATU: Hapo sibishi. Hata tumbili wako hivyo. Kule Amboseli, Kenya, watafiti waliwachezea tumbili sauti zao wenyewe kwenye spika. Wakisikia ya chui wanapanda mtini, ya tai wanatazama juu au wanakimbilia vichakani, ya nyoka wanasimama kwa miguu miwili wanakagua majani. Matokeo yalitoka 1980.

DAUDI: Basi Mwenyekiti ni msomi kama hao.

ATU: Usomi sijaukataa, nimeuliza habari ya toroli. Maana na mimi nimesoma. Hao hao waliochunguza majogoo waliona jogoo anapiga kelele zaidi akiwa mwenyewe yuko mahali pa kujificha. Akiwa peupe, anapunguza. Yaani kwanza anajihakikishia usalama wake, halafu ndiyo anakuwa kiongozi.

DAUDI: Mbona unaacha nusu? Akiwa peke yake, hakuna kuku wenzake karibu, mara nyingi hata halii. Anatulia tu. Kwa hiyo analia kwa ajili yao. Na hiyo ya kujificha ni akili. Mlinzi akishaliwa, nani atapiga kelele mwewe akirudi? Na alirudi, dada, siku ileile.

ATU: Akakuta Mwenyekiti bado yuko kikaoni.

DAUDI: Akakuta uwanja mtupu. Sasa hivi nimewafunika kwa tenga, na jirani kanishauri niwapake rangi ile ya zambarau. Sijui kama mwewe anaogopa zambarau, lakini mtaani kwetu Kihesa vifaranga vyote ni vya sherehe.

ATU: Mama yangu kule Tukuyu alikuwa anapaka ya waridi.

DAUDI: Haya, namba moja. Simba...

ATU: Ngoja kwanza, sijamaliza. Wewe umeandika nyati kwenye karatasi yako, si ndiyo? Nyati simba akimkamata mwenzao, kundi linaweza kugeuka. Wanarudi, wanamsukuma simba kwa pembe, simba anapanda mti au anakimbia na njaa yake. Huyo ndiye mwenyekiti. Harudi kwa sauti, anarudi na mwili.

DAUDI: Nyati dume ana kilo 600 na zaidi! Jogoo ana kilo mbili na nusu, tena nikimlisha vizuri. Unataka ampige mwewe kwa nini? Kwa hoja?

ATU: Majogoo wengine wanarusha mateke kwa mwewe.

DAUDI: Na wengine wanaliwa. Tazama swala pala. Kuna utafiti wa Botswana, ulitoka 2018, waliwavisha duma na pala, simba na punda milia, kola zenye vipimo. Wakakuta mwindaji anamzidi mwindwa mbio kwa asilimia 38, na kwa kufunga breki anamzidi kwa asilimia 72. Kwa hesabu hiyo pala angekuwa ameisha duniani. Lakini pala hashindani mbio. Anakimbia chini ya uwezo wake makusudi, mwendo unaomruhusu kukata kona ghafla, anamwacha duma afike karibu kabisa, halafu anapinda. Duma yuko kasi, anapitiliza. Kupona hakuhitaji kifua mbele. Ni kujua uwezo wako uko wapi.

ATU: Pala anajiokoa yeye. Sijasema kujiokoa ni dhambi. Mimi nabishana na cheo. Huwezi kujiokoa halafu ukapigiwa makofi ya kuokoa wengine.

DAUDI: Lakini wameokoka!

ATU: Wameokoka, sawa. Gharama yake yeye ilikuwa nini?

DAUDI: Kwani lazima iwe na gharama?

ATU: (kimya kidogo) Nikuambie kitu. Mama aliwahi kuingiliwa na wezi usiku. Majirani walisikia, tena wote. Wakapiga kelele za mwizi, mwizi, kila mtu dirishani kwake, mlango umefungwa na komeo. Wezi wakachukua ng'ombe taratibu, wakamfungua kamba bila haraka. Asubuhi majirani wale wamejaa uani: mama, sisi tulipiga kelele sana. Na kweli walipiga. Mama akawashukuru na chai akawapikia. Mimi sikushukuru.

DAUDI: Pole. Hilo hukuwahi kuniambia.

ATU: Ndiyo hivyo.

DAUDI: Ila... niruhusu, Atu. Wezi wale hawakuingia ndani alikolala mama.

ATU: Hujui kama ni kwa sababu ya kelele.

DAUDI: Na wewe hujui kama siyo. Wangekuwa na mapanga, jirani aliyetoka angezikwa, na leo tungekuwa tunasema mengine. Mimi nina watoto. Nikisikia mwizi kwa jirani saa nane usiku, nitapiga kelele mpaka koo likauke, na sina hakika kama nitafungua mlango.

ATU: Basi usije asubuhi kunywa chai.

DAUDI: Nitakuja. Kelele nayo ni msaada.

ATU: Kelele ni kelele.

DAUDI: Hapo hatufiki.

ATU: Hatufiki kabisa. Na usimwite tena Mwenyekiti, mwite Msemaji.

DAUDI: Cheo habadilishiwi bila uchaguzi. Haya, karatasi... Kijana wa mitambo ananionyesha vidole. Dakika tatu?

ATU: Mbili. Na wenye chumba wako mlangoni, kwaya inaingia.

DAUDI: Jamani, na mambo matano yangu! Simba wa Ruaha sijasema hata mmoja.

ATU: Sema la mwezi, ulinitia hamu.

DAUDI: Haraka basi. Simba anategemea giza. Mwezi ukiwa mpevu, swala anamwona, simba analala njaa. Watafiti walikusanya mashambulizi ya simba kwa watu Tanzania, ya kuanzia 1988 hadi 2009, watu zaidi ya 1,000. Mengi yalitokea baada ya jua kuzama, na siku mbaya ni zile zinazofuata mwezi mpevu. Mwezi unachelewa kutoka, jioni ni giza, simba ana njaa, na watu bado wako njiani wanatoka shambani.

ATU: Kumbe usiku wa kuogopa si ule wa mbalamwezi, ni wa kesho yake.

DAUDI: Na hapo ningeunganisha na simba wa Njombe, wale wa 1932 mpaka 1947. Inasemekana waliua watu wanaofika 1,500, mpaka George Rushby, bwana nyama wa serikali, akaja kuwasaka. Wanyama wa porini walikuwa wameuawa na serikali ya mkoloni ili kuzuia sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, simba wakakosa...

ATU: Bibi yangu alikuwa hataji hata jina la simba, alisema ukilitaja...

DAUDI: Wameshafungua mlango.

ATU: Karibuni, karibuni, tunatoka. Kaka, chukua waya zako. Hapana, hiyo ni ya kwao.