Mtoto Anaposimama Dede

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi mliokuja na watoto, karibuni. Wakilia waacheni walie, leo ni siku yao.

Anayeweza asimame. Nyanyua mguu mmoja. Haya, fumba macho. Mnaona? Mmeshaanza kushikana mabega, na sakafu ni ileile.

Mwili hujua kuwa uko wima kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa habari zinazotoka kwenye misuli na viungo, hasa vifundo vya miguu. Mtu mzima, shahidi mmoja akidanganya, wengine humkana. Umekaa ndani ya basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Basi la jirani linarudi nyuma, unadhani lako ndilo linaondoka. Unashtuka, kisha mwili unakuambia hujatoka hapo.

Mtoto aliyesimama dede juzi bado hajui kuamua kesi hiyo. Mwaka 1974, David Lee na Eric Aronson wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walitumia chumba cha ajabu: kuta na dari vinasogea, sakafu imetulia. Wakasimamisha humo watoto wa miezi 13 hadi 16. Ukuta wa mbele ukimjia mtoto, anachokiona ni kilekile ambacho angekiona kama yeye ndiye anayeanguka kifudifudi. Basi anajirudisha nyuma ili ajiokoe, na kujiokoa huko ndiko kunakomwangusha chali! Miguu ilikuwa inasema kweli muda wote, lakini macho ndiyo yaliyosikilizwa. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine, Butterworth na Hicks, wakaonyesha kwamba hata watoto wanaokaa tu nao huyumba kuta zikisogea.

Sasa kile kigari cha magurudumu cha kufundishia kutembea. Mimi sikipendi, nasema wazi. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004 kwa sababu ya ajali. Mimi nina sababu nyingine. Mle ndani mtoto anaona kuta zikimpita, ila mwili umeshikiliwa, hauna haja ya kujirekebisha. Atajifunzaje kulinganisha anachokiona na anachokihisi? Mtandikie mkeka, mpe stuli nzito ya kushika, na kidole chako.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni: wangu ana miezi 14, hajatembea, nifanyeje? Shirika la Afya Duniani, mwaka 2006, lilionyesha kuwa watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Bado ana nafasi, mama. Akifika 18 hajapiga hatua, mpeleke kliniki, na uwaombe wampime macho pia.