Alhamisi kwa Mzee Joe

NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Kaka Hamisi, leo niachie nimzungumzie Rhiannon Giddens, mwimbaji na mpiga banjo Mweusi wa Marekani, na niingilie kwenye sebule ya Mzee Joe Thompson, pale Mebane, jimbo la North Carolina.

HAMISI: Mpiga fidla?

NEEMA: Huyohuyo. Kazaliwa 1918, baba yake naye mpiga fidla. Riziki aliitafuta kwenye kiwanda cha samani, lakini ujana wake alipigia watu fidla wacheze dansi baada ya kumenya mahindi. Binamu yake Odell ndiye aliyekuwa anampigia banjo, ile ala ya nyuzi, na Odell akafariki 1994.

HAMISI: Na Rhiannon wakati huo?

NEEMA: Rhiannon ni binti wa Greensboro, si mbali na hapo. Alikwenda kusomea uimbaji wa opera Oberlin, kule Ohio, akarudi nyumbani. Aprili 2005 kukawa na mkutano mjini Boone, wa wapiga banjo Weusi na watafiti wao. Ndipo alipokutana na Dom Flemons na Justin Robinson. Baada ya hapo wakawa wanakwenda kwa mzee kila Alhamisi jioni.

HAMISI: Dada Neema, hapo ngoja kidogo, maana wengi wanadhani banjo ni ya Wazungu wa milimani. Asili yake ni watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi. Kibuyu, ngozi, mti, nyuzi. Hadi leo Wajola wa Senegal na Gambia wanapiga akonting, ndugu yake kabisa. Karne ya 19 Wazungu wakajipaka masizi usoni kuwaigiza Weusi, wakaipandisha jukwaani. Miaka ya 1920 kampuni za santuri zikatenganisha soko: muziki wa vijijini wakauzia Wazungu, bluzi wakauzia Weusi. Bendi za Weusi za fidla na banjo zikarekodiwa chache mno. Mimi hili linaniuma.

NEEMA: Linauma, kwa sababu mtoto Mweusi akikua Greensboro anaweza asijue kabisa kwamba muziki ule ni wa kwao. Sasa yupo mzee wa miaka themanini na kitu, bado anaupiga! Wala hakuwafundisha kwa kuandika ubaoni. Anaanza wimbo, nao wanamfuata. Wimbo ukiisha, unarudiwa.

HAMISI: Na ule mkono wa banjo haufundishiki kwa maneno. Nimewahi kujaribu. Ukucha unashuka, unaupiga uzi kwenda chini, kisha kidole gumba kinadaka uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia katikati ya shingo. Uzi huo sauti yake ni ileile, inarudi na kurudi, fidla inazunguka juu yake. Usipokaa karibu na anayejua, gumba linachelewa kila mara.

NEEMA: Ndiyo maana naipenda sebule ile kuliko chuo chochote. Wale vijana watatu wakaunda bendi, Carolina Chocolate Drops, na albamu yao ya 2010 ikapata tuzo ya Grammy. Mzee aliwahi kuliona hilo. Alifariki Februari 2012.

HAMISI: Nyimbo zake walikuwa wanazipiga majukwaani wakimtaja jina.

NEEMA: Basi tusikilize. Kwanza fidla ya Mzee Joe, halafu banjo ya Rhiannon. Msikilizaji, tega sikio kwenye ule uzi mfupi.