Reli Hailiwi, Kinacholiwa ni Tuta

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunikaribisha. Sitaanza na hesabu, nitaanza na picha hii. Mnaziona reli zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo? Mataruma bado yamezishika, lakini chini yake hamna kitu, ni hewa tu na povu la bahari. Hapa ni Dawlish, kusini-magharibi mwa Uingereza, baada ya tufani ya usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 2014.

Sasa itazameni reli yenyewe. Haikukatika. Wengi wetu tunadhani wimbi huja likaibeba reli na kuitupa huko. Hutokea, ila si kawaida. Kawaida bahari huila njia ya treni kutokea chini.

Kazi huanzia ufukweni. Wimbi huvunjika linapofika penye maji ya kina kifupi, kwa hiyo mchanga ulio mbele ya ukuta ndio ngao ya kwanza. Tufani ikivuma siku kadhaa, mchanga huo huvutwa kwenda kilindini, ufuko unashuka, na mawimbi makubwa yanafika ukutani yakiwa mazima. Na wimbi likiongezeka kimo mara mbili, nishati yake huongezeka mara nne. Hayo yakiangukia wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, maji yanaruka juu ya ukuta na kumwagikia nyuma yake. Kifusi kilichoshindiliwa humo kinalowa. Ukuta ukipata ufa, au msingi wake ukichimbuka, kila wimbi linaporudi linaondoka na udongo kidogo. Anayepita juu na taa anaona kokoto zote zipo, mataruma yamenyooka, kumbe amesimama juu ya pango.

Kwa nini basi mtu ajenge hapo? Njia ya Dawlish ilifunguliwa mwaka 1846, mhandisi wake akiwa Isambard Kingdom Brunel. Vichwa vya treni vya enzi hizo vilihangaika kwenye vilima, na kando ya bahari ardhi ni tambarare. (Brunel huyohuyo alijaribu hapo kuendesha treni kwa kani ya hewa ndani ya bomba; haikudumu hata mwaka mmoja. Lakini tusipotee.) Miaka ya 1930 ulikuwepo mpango wa kuipitisha njia bara, vita vikaja, ukafa.

Kama mnataka ushahidi kwamba adui hushambulia tuta, yaani kile kifusi kinachobeba reli, twendeni Florida, Marekani. Henry Flagler alipeleka reli yake hadi Key West, kisiwa kwa kisiwa juu ya bahari, na treni ya kwanza ikafika mwaka 1912. Tarehe 2 Septemba 1935 kimbunga kikapiga. Treni iliyotumwa kuokoa watu ilisombwa mabehewa yake, kichwa peke yake kikabaki kimesimama relini. Watu zaidi ya 400 walikufa. Maji yalipotulia, madaraja yale marefu, ambayo kila mtu angedhani ndiyo yangetangulia kwenda, mengi yalikuwa yangali wima. Yaliyosombwa ni matuta ya kifusi yaliyoyaunganisha. Kampuni ilikuwa hoi kifedha, haikujenga tena. Jimbo likainunua njia, likapitisha barabara ya magari juu ya madaraja yaleyale.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Bahari hubomoa, lakini haiamui kama njia itakufa. Huko Hokkaido, Japani, Januari 2015, mawimbi yalichota udongo chini ya reli ya Hidaka. Jeraha la aina ileile ya Dawlish. Lakini abiria walikuwa wachache mno, gharama kubwa, na kabla ya kukubaliana nani alipe, tufani nyingine zikaongeza madhara. Tarehe 1 Aprili 2021, kilomita 116 zilifutwa rasmi. Dawlish je? Ilifunguliwa tena tarehe 4 Aprili 2014, miezi miwili tu. Makontena ya meli yalijazwa mawe yakapangwa mbele kukinga mawimbi wakati mafundi wanamimina zege. Haraka hiyo ilikuwa na sababu: njia nyingine ya kufika Plymouth, mji ulio magharibi ya hapo, ile ya kupitia bara, ilikatwa mwaka 1968. Dawlish ikifungwa, Cornwall nzima, rasi iliyo mbele ya Plymouth, haina treni ya kutokea. Mimi nasema ule uamuzi wa 1968 ndio uliokuwa ghali kuliko tufani, ingawa najua wahasibu hawatakubaliana nami.

Leo pana ukuta mpya, mrefu kuliko wa zamani, na ukingo wake wa juu umepindwa kuelekea baharini ili wimbi lirudishwe lilikotoka. Ni kazi nzuri. Lakini ukuta haurudishi mchanga. Wimbi linalogonga zege na kurudi linaweza kuchimba miguuni pa ukuta huohuo, kwa hiyo ufuko ule lazima uendelee kupimwa.

Na kuna jambo linasahaulika. Mwezi mmoja baada ya tufani, watu wote wakiwa wamekodolea macho bahari, jabali lililo upande wa pili wa reli, karibu na Teignmouth, lilianza kuporomoka. Maelfu ya tani za udongo uliolowa mvua. Ilibidi mafundi walimalizie wenyewe kuliangusha, na silaha waliyochagua ilikuwa maji, wakiyarusha kwa mabomba ya nguvu.