Kadi Moja, Milango Ishirini na Mitano

REHEMA: Mbukwenyi wasikilizaji. Leo tunarekodia Kisasa, na upepo wa Dodoma mnaujua, kwa hiyo mkisikia dirisha linagonga msishtuke. Niko na mdogo wangu Yohana, ambaye wiki nzima kichwa chake kiko Ulaya.

YOHANA: Shikamoo dada.

REHEMA: Marahaba. Haya, umetuletea nini?

YOHANA: Kuna rafiki yangu, mtu wa kompyuta, tumesoma wote UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kanipigia simu: “Hivi ile Kadi ya Bluu ya Ulaya, ukishaipata si unahama nchi kama unavyobadilisha daladala pale Sabasaba?” Nikamwambia subiri, nitakujibu kwenye kipindi.

REHEMA: Mjibu basi.

YOHANA: Hapana. Ila hapana yenyewe ina safari ndefu kidogo. Oktoba 2007 Tume ya Ulaya, wakati huo ikiongozwa na José Manuel Barroso, ilileta pendekezo: wataalamu wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya wawekewe kibali cha aina moja cha kuishi na kufanya kazi. Jina wakalichukua kwenye rangi ya bendera yao, huku jicho wamelitupa kwenye kadi ya kijani ya Marekani, ile “green card”. Maana mhandisi aliyekaa kwao akitafuta pa kwenda, Marekani aliiona nchi moja. Ulaya aliziona nchi 27, kila moja na utaratibu wake.

REHEMA: 2007 si ndiyo UDOM inaanzishwa? Yaani sisi tunajenga chuo, wenzetu wanachapa kadi ya kuwachukulia wahitimu!

YOHANA: (anacheka) Umenichomekea. Hilo tutalirudia. Sheria ikapita Mei 2009. Uingereza, Denmark na Ireland zikakaa pembeni. Leo, Uingereza ikiwa imeshatoka kwenye Umoja na Croatia imeingia, zinazoitumia ni nchi 25. Masharti yake: uwe na sifa za juu za taaluma, mkataba usiopungua mwaka mmoja, na mshahara usiopungua mara moja na nusu ya wastani wa mshahara wa nchi unayokwenda.

REHEMA: Ngoja. Mara moja na nusu ya wastani? Kijana katoka chuo juzi, huo mshahara anampa nani?

YOHANA: Ndiyo hapo ilipokwama. Halafu ukitaka kuhamia nchi ya pili, ukae miezi 18 kwanza, na ukifika huko unaomba upya. Nchi nyingi zikaendelea kutumia vibali vyao vya zamani. Ujerumani peke yake ndiyo iliyoichangamkia, ikatoa kadi nyingi kuwaacha wenzake mbali. Mwaka 2021 wakaifumua sheria. Sasa mkataba wa miezi 6 unatosha, kuhama ni baada ya miezi 12, na kiwango cha chini cha mshahara kimelegezwa: nchi inachagua yenyewe popote kuanzia wastani hadi mara 1.6 ya wastani. Tena watu wa TEHAMA wamefunguliwa dirisha. Uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita unaweza kusimama badala ya shahada.

REHEMA: Bado sijaona ushirika uko wapi. Nchi 25, kila moja inapanga mshahara, kila moja inaamua iingize watu wangapi...

YOHANA: Na kila moja inakupa kadi yake.

REHEMA: Basi ni kadi ya harusi hiyo! Juu wameandika majina ya familia zote mbili, lakini mlangoni kasimama mjomba wa upande mmoja, na huyo ndiye anayekuhoji umechangia au hukuchangia.

YOHANA: Hapo umeisema. Ila kuna kitu mjomba hawezi kukunyang’anya: muda. Ukikaa Ujerumani miaka 3, ukahamia Uholanzi miaka 2, inajumlishwa kuwa 5, na unaweza kuomba ukaazi wa muda mrefu wa Ulaya. Mradi ile miwili ya mwisho uwe umekaa pale unapoombea. Kwangu mimi, thamani ya kadi iko hapo. Hukuanza sifuri kwa sababu umevuka mpaka.

REHEMA: Nikuulize la nyumbani sasa. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja hapa mjini, tukawa na mhasibu kutoka Kenya. Mwanamke hodari, vitabu vyake vimenyooka. Miezi inapita, yeye na bahasha, bahasha na yeye. Leo kibali cha kazi, kesho cha ukaazi. Si tulishasema Afrika Mashariki ni soko moja?

YOHANA: Tulisema, na kwenye karatasi tuko vizuri. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na uhuru wa wafanyakazi kuvuka umo. Wahasibu walisaini makubaliano ya kutambuana sifa mwaka 2011, wahandisi 2012. Lakini taaluma kutambuliwa ni kitu kimoja, kibali ni kingine. Kwetu ni milango miwili: Kamishna wa Kazi, kisha Uhamiaji. Kenya, Rwanda na Uganda wao walifutiana ada za vibali vya kazi.

REHEMA: Na sisi tumebaki mlangoni, kama yule mjomba.

YOHANA: Mjomba ana hofu zake, dada. Ajira za vijana.

REHEMA: Hofu naielewa. Mimi mwenyewe ukiniambia daktari wa Hospitali ya Benjamin Mkapa kapata Kadi ya Bluu, sitapiga vigelegele. Nitauliza nani anabaki zamu ya usiku.

YOHANA: Ile sheria ya 2009 iliziruhusu nchi kukataa ombi la mtu kama huyo, endapo nchi anayotoka ina upungufu wa watu wa taaluma yake.

REHEMA: Iliziruhusu. Haikuzilazimisha.

YOHANA: Haikuzilazimisha, kweli.

REHEMA: Basi tumalizane na rafiki yako.

YOHANA: Asianze na kadi, aanze na mwajiri. Kadi ya Bluu haipewi mtu anayekwenda kutafuta kazi, inapewa mwenye mkataba au ahadi ya kazi inayomfunga mwajiri. Akitokea mtu wa kumuuzia kadi mkononi, akimbie. Na kama ni Ujerumani, ajifunze Kijerumani sasa hivi, kwa sababu mwenye kadi akifika kiwango cha B1, yaani cha kujimudu kwenye mazungumzo ya kawaida, anaweza kupata ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Akiwa na Kijerumani cha mwanzo tu, A1, ni 27.

REHEMA: Na mkopo wa chuo? Hapa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Huko nani atamkata? Mwambie kabla ya kuja kuniaga apite bodi ya mikopo.

YOHANA: Hilo umwambie mwenyewe dada. Anakusikiliza.