Nukta ya Kituruki na Herufi Zilizokatazwa

JUMA: Karibuni, wasikilizaji. Dada Rehema, wewe kazi yako ni kuandika programu. Tueleze kwa nini herufi "i" ya Kituruki inawasumbua wenzako hadi leo.

REHEMA: Kwa sababu Kituruki kina "i" mbili, kaka Juma. Moja ina nukta, nayo hubaki nayo hata ikiandikwa kwa herufi kubwa, İ. Nyingine haina, ı, na kubwa yake ni I. Sheria ya Novemba 1928, wakati wa Mustafa Kemal, rais wa kwanza wa Uturuki, iliyoondoa herufi za Kiarabu na kuleta herufi 29 za Kilatini, ilizitenganisha kwa kuwa ni sauti mbili tofauti, na kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mzuri wa kiisimu. Tatizo ni kwamba programu nyingi ziliandikwa na watu walioamini kuwa kubwa ya "i" ni I duniani kote. Programu inayosubiri amri INSERT, yaani ya kuingiza taarifa, ikibadili "insert" kuwa herufi kubwa kwa kanuni za Kituruki, hupata İNSERT, na amri haitambuliki.

JUMA: Na upande wa uchapaji?

REHEMA: Fonti nyingi, yaani seti za maumbo ya herufi za kuchapia, huunganisha "f" na "i" kuwa umbo moja, na kichwa cha "f" humeza nukta. Mwingereza hapotezi kitu. Mturuki hawezi tena kutofautisha "fi" na "fı". Ndiyo maana fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu huacha muungano huo maandishi yanapotajwa kuwa ya Kituruki.

JUMA: Siasa inaingia wapi?

REHEMA: Katika herufi zilizoachwa nje. Q, W na X hazimo katika zile 29, lakini Wakurdi, jamii kubwa ya Uturuki yenye lugha yake, wanazihitaji. Zimo katika alfabeti ya Kikurdi ambayo mwandishi Mkurdi Celadet Alî Bedirxan aliieneza kupitia jarida la Hawar, lililoanza kuchapishwa Damascus mwaka 1932. Kwa miaka mingi maofisa wa Uturuki walikataa kuandikisha majina ya watoto yenye herufi hizo, na wako walioshtakiwa kwa kuziandika hadharani, ilhali zilikuwamo kwenye kibodi za nchi hiyo hiyo. Serikali ilitangaza kuliondoa katazo hilo Septemba 2013 tu.

JUMA: Basi mwandishi wa programu afanyeje?

REHEMA: Amri za mashine zilinganishwe kwa kanuni zisizofungamana na lugha yoyote, na maandishi ya watu yafuate lugha ya wenyewe. Kwenye sehemu ya jina asiweke orodha ya herufi zinazoruhusiwa. Hata kwetu, fomu inayokataa ritifaa, ile alama ya ('), humlazimisha mtu anayeitwa Ng'wandu abadili jina lake ili mfumo umpokee, na mimi sikubali hilo liitwe hitilafu ndogo ya kiufundi, kwa sababu matokeo yake kwa mwenye jina ni yale yale ya karani aliyekataa W.

JUMA: Na makosa haya yanagunduliwaje kabla programu haijawafikia watu?

REHEMA: Kompyuta ya majaribio iwekewe Kituruki, majaribio yote yaendeshwe upya tangu mwanzo, na majina ya kujaribia yatoke kwa watu wa lugha nyingi.